Ziara ya Usiku ya Taco na Bia Mexico City: Namna ya Kuichagua na Kuimaliza Vizuri

Ziara ya taco na bia ni matembezi ya saa tatu hadi nne. Kundi dogo linamfuata mwongozaji kutoka kibanda kimoja cha taco hadi kingine, na katikati linaingia baa mbili au tatu kuonja bia. Miji mingi ina ziara za namna hii siku hizi, lakini Mexico City ndiyo penyewe, kwa sababu huko taco za usiku ni chakula cha wenyeji kwanza: anayetoka kazini, anayetoka mpirani, anayetoka kucheza dansi, wote wanasimama kibarazani na sahani mkononi.

Mwanzo wa ziara humfurahisha kila mtu. Shida huanza kituo cha nne. Tumbo limejaa, ulimi umeungua kwa pilipili, na bia nzuri kuliko zote bado haijamiminwa. Karibu kila ushauri ulioko hapa unahusu kufika kituo cha mwisho ukiwa bado unaweza kuonja.

Anza na hesabu. Taco ya kibandani ni ndogo. Tortilla, yaani mkate wake wa mahindi mwembamba kama chapati, ina kipenyo cha sentimita 10 hadi 12, na juu yake huwekwa nyama kiasi cha vijiko viwili au vitatu vya kulia. Mtu mzima akila tano ameshiba. Ziara nyingi hugawa taco sita hadi tisa na bia tatu hadi tano. Chupa ya kawaida ni mililita 355, kwa hiyo chupa nne ni karibu lita moja na nusu ya kinywaji chenye gesi. Vyote hivyo pamoja havikai tumboni kwa amani. Waandaaji wazuri wanalijua hilo, ndiyo maana humimina bia kwenye glasi ndogo za mililita 100 hadi 150. Kabla ya kulipa, uliza swali hilo moja: bia inatolewa kwa chupa nzima au kwa glasi za kuonjea? Jibu litakuambia mengi kuhusu walioipanga.

Siku, saa na mtaa

Wamexico wamezigawa taco kwa nyakati. Barbacoa, ambayo ni nyama ya kondoo iliyofukiwa shimoni pamoja na majani ya mkonge wa kwao, ni ya asubuhi, hasa Jumamosi na Jumapili. Carnitas, nguruwe aliyepikwa polepole ndani ya mafuta yake, nazo ni za asubuhi na mchana. Ikifika alasiri sufuria nyingi ziko tupu. Taco za kikapuni, de canasta, huuzwa juu ya baiskeli asubuhi. Usiku ni zamu ya al pastor, suadero (nyama laini ya ng'ombe), longaniza (soseji ya nguruwe), utumbo, ulimi na nyama ya kichwa cha ng'ombe. Ukiona tangazo la ziara ya usiku linaahidi barbacoa, ujue utapewa iliyopashwa moto.

Al pastor inastahili maelezo zaidi kidogo, kwa sababu ndiyo watu wengi wanayoifuata. Wahamiaji kutoka Lebanon na nchi jirani walifika Mexico na shawarma yao, na mjini Puebla ikageuka kuwa taco za Kiarabu. Baadaye wenyeji wakabadilisha kondoo kwa nguruwe, wakaipaka nyama pilipili kavu ya guajillo na achiote, mbegu inayotoa rangi ya machungwa, wakaweka na nanasi juu. Nyama hupangwa kwenye mlingoti unaozunguka mbele ya moto, nao unaitwa trompo. Kwa kawaida huwashwa alasiri au jioni, na tabaka la nje huhitaji muda mrefu kuiva na kukauka kingo. Ziara inayoanza saa 11 jioni inaukuta trompo bado haujakomaa. Inayoanza saa 1 usiku inafika wakati mwafaka, na kati ya saa 2 na saa 5 ndipo al pastor inakuwa tamu kuliko wakati wowote. Angalizo kwa msomaji wa Kiswahili: tiketi itaandikwa 19:00 au 7:00 pm, na hiyo ni saa 1 usiku. Watu wameshakosa ziara kwa kuichanganya.

Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi ndizo siku nzuri. Wateja ni wengi, nyama haikai. Jumapili na Jumatatu usiku vibanda vingi hufungwa na mwongozaji hulazimika kukupeleka kwingine. Ijumaa inayoangukia karibu na tarehe 15 au mwisho wa mwezi ina foleni ndefu zaidi, kwa sababu Wamexico wengi hulipwa mshahara mara mbili kwa mwezi, na siku hiyo wanaiita quincena. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hunyesha mara kwa mara jioni. Beba koti la mvua jepesi badala ya mwavuli, maana chini ya turubai la kibanda hapana nafasi ya kuufungua.

Kuhusu mtaa: Roma na Condesa zina baa nyingi za bia za viwanda vidogo, njia zake ni fupi na zina taa, lakini bei ziko juu na taco si zote za hali ya juu. Centro Histórico ina vibanda vya zamani na suadero nzuri. Los Cocuyos, katika mtaa wa Bolívar, kinajulikana kwa sufuria yake ya nyama ya ng'ombe inayochemka hadi usiku wa manane. Narvarte ndipo wenyeji wanapokwenda kwa al pastor. Huko kuna El Vilsito, ambayo mchana ni gereji ya magari na usiku ni duka la taco. Kama hamu yako kubwa ni taco, chagua Narvarte au Centro. Kama ni bia, chagua Roma. Usishawishike na ziara inayoahidi mitaa mitatu kwa usiku mmoja, kwa sababu saa nzima itaishia kwenye foleni ya magari.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Bei za kawaida ni kati ya dola 60 na 110 za Marekani kwa mtu. Uliza taco ngapi na bia ngapi zimo ndani ya bei hiyo, mnatembea umbali gani (kilomita mbili hadi nne ni kawaida), na kama mwenye mipaka ya chakula ana mbadala wa kweli au ataambiwa tu aruke kituo.

Uliza pia idadi ya watu. Sita hadi nane ni nzuri. Wakifika kumi na wawili, kibanda chenye meza ya mita mbili hakiwezi kuwahudumia kwa pamoja. Mkataji atatoa taco ya kwanza, na kabla hajafika ya kumi na mbili, ile ya kwanza imeshapoa na tortilla imelowa. Kundi kubwa huishia kupelekwa mikahawa ya kukaa, ambako nyama hukatwa mapema ikawekwa pembeni.

Kuna jambo moja ambalo matangazo hayalisemi. Kunywa pombe barabarani ni kosa Mexico City, na adhabu yake yaweza kuwa faini au kuwekwa ndani kwa saa kadhaa. Vibanda vingi vya barabarani havina leseni ya pombe. Kwa hiyo ziara nzuri hupishanisha: taco kibandani, bia ndani ya baa, taco tena. Tangazo likisema utapata bia kila kituo, maana yake vituo vyote ni mikahawa yenye leseni, na vibanda vyenyewe hutaviona. Hilo si kosa, ila ujue unachonunua.

Mchana wa siku hiyo

Kunywa chai nzito asubuhi, kisha kula kitu chepesi kabla ya saa 8 mchana: supu, matunda, mayai. Usifunge kutwa ukidhani unaweka nafasi. Anayefika na tumbo tupu hula taco tatu za kwanza kwa pupa, na bia ya kwanza inampanda kichwani.

Mji uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, juu zaidi kuliko Nairobi. Aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam, au anayeishi Houston na kuja kwa wikendi, atachoka haraka na kukaukiwa bila kujua. Kunywa maji lita moja na nusu kabla ya jioni, na ikiwezekana usiweke ziara usiku ule ule wa kufika. Maji yawe ya chupa. Ya bomba wenyeji wenyewe hawanywi.

Beba pesa taslimu, noti za peso 20, 50 na 100. Vibanda vingi havichukui kadi, na ukitoa noti ya 500 kwa taco mbili utaambiwa hakuna chenji. Vaa viatu vilivyofungwa, kwa sababu mizizi ya miti imeinua vigae vya njia za Roma na Condesa na usiku mtu hujikwaa. Usivae nyeupe. Mafuta ya al pastor yana rangi ya achiote, na doa lake kwenye shati halitoki kwa kufua mara moja. Chukua koti pia. Usiku halijoto hushuka hadi nyuzi 10 na kitu, hasa Desemba na Januari.

Kibandani: kutazama, kuagiza, kula

Tazama kabla ya kuagiza, hata kama mwongozaji ameshakuchagulia. Trompo mzuri unazunguka mbele ya moto, kingo za nyama zimekuwa kahawia na kukauka kidogo, na mkataji anachonga vipande vyembamba moja kwa moja juu ya tortilla. Ukiona rundo la nyama iliyokwisha kukatwa likipashwa kwenye kikaango bapa huku trompo umesimama na moto umezimwa, chukua taco moja tu ya adabu. Nyama ya namna hiyo imepoteza maji yake.

Suadero ni kitu kingine. Ni nyama laini ya ng'ombe kutoka ubavuni karibu na tumbo, inayochemshwa ndani ya mafuta kwenye sinia kubwa la chuma lililoinuka katikati. Nyama hukaa kwenye bonde la mafuta pembeni, na tortilla hupashwa juu ya kilima cha katikati. Ikiwa tayari inakatika bila nguvu na ina ukingo uliokauka. Ikiwa inavutika kama mpira, haijaiva. Pembeni yake huwa kuna longaniza, soseji nyekundu ya nguruwe. Ukiomba campechano utapata zote mbili pamoja, na kwa maoni yetu hiyo ndiyo taco ya kuanzia kama hujui uanze na ipi.

Tripa ni utumbo mwembamba. Unapoiagiza utaulizwa unaitaka laini au iliyokauka. Sema "bien dorada", yaani ikaangwe hadi ilie mdomoni. Laini inawafaa waliozoea. Mgeni akipewa laini mara ya kwanza, mara nyingi haimalizi.

Tortilla nayo itazame. Mahindi yake huchemshwa na chokaa, yakalala usiku kucha, yakaoshwa, ndipo yakasagwa. Mahindi yaliyotayarishwa hivyo huitwa nixtamal. Chokaa hulegeza ganda la punje na kuufanya unga ushikane, ndiyo maana sembe ya kwetu ukijaribu kuikanda na kuisukuma hivyo hupasuka. Pia huachia vitamini ya niasini ambayo mwili hauipati kwa urahisi kwenye mahindi yasiyopikwa na chokaa. Tortilla ya nixtamal ina harufu ya mahindi ya kuchoma na haikatiki ukiikunja. Vibanda vingi vinatumia za kiwandani, na ndiyo sababu moja ya kukupa mbili kwa kila taco. Hiyo ya pili wanaiita copia.

Kuagiza ni rahisi. "Me da dos de pastor, con todo": nipe mbili za pastor, na kila kitu. Kila kitu ni kitunguu na majani ya giligilani, dania kwa msomaji wa Kenya. Kwa al pastor ongeza "con piña" upate nanasi. Sahani itakuja imevalishwa mfuko wa plastiki. Usishangae: kibanda hakina maji ya kuoshea vyombo, basi wanabadilisha mfuko. Anayekula karibu nawe mwambie "provecho", ni kama kumkaribisha ale vizuri. Ukiagiza quesadilla kwenye mji huu taja "con queso", la sivyo yaweza kuja bila jibini.

Sasa salsa. Hapa ndipo usiku wa wengi unapoharibika. Rangi haisemi ukali. Ya kijani, ya nyanya ndogo za tomatillo na pilipili serrano, mara nyingi inachoma kuliko nyekundu. Nyekundu ya chile de árbol nayo ina moto wa kutosha. Ile ya rangi ya machungwa ni habanero. Anayeijua pilipili mbuzi aifikirie hiyo hiyo. Uliza "¿cuál pica menos?", ipi haichomi sana. Halafu tia tone moja pembeni ya taco, uma, subiri sekunde thelathini. Ukali wa habanero huja polepole, na mtu aliyetia kijiko kizima kwa sababu tone la kwanza halikumchoma hujuta kituo kizima kinachofuata.

Ndimu ikamuliwe mwisho kabisa, taco ikiwa tayari mkononi, kwa sababu maji yake hulowesha tortilla. Ishike kwa vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati. Egemea mbele ili kinachodondoka kiangukie sahani, kisha pinda kichwa ukiifuata taco, usiipinde taco kukufuata. Iishe kwa mauma matatu au manne, ndani ya dakika mbili. Ikikaa zaidi, mvuke wake wenyewe unaitoboa chini.

Kwa kila kituo, kula moja. Ya pili kula tu kama ni kituo ulichokisubiri usiku kucha. Ukianza kushiba, acha tortilla ya chini. Ziara ya taco nane ina tortilla kumi na sita, na ukiacha nusu yake umepata nafasi ya taco mbili au tatu.

Bia

Bia za viwandani za Mexico zinatoka hasa nyumba mbili. Grupo Modelo, iliyoanza Mexico City mwaka 1925 na sasa ni ya AB InBev, ina Corona, Victoria, Modelo Especial, Negra Modelo na Pacífico. Cuauhtémoc Moctezuma, ambayo mizizi yake ni Monterrey mwaka 1890 na tangu 2010 ni ya Heineken, ina Tecate, Indio, Bohemia, Dos Equis na Sol. Baa nyingi huuza za nyumba moja tu, kwa hiyo ukikaa penye Indio usitegemee kupata Victoria. Nyingi kati ya hizi ni laga nyepesi za asilimia 4 hadi 5 za kilevi. Aliyezoea Tusker au Kilimanjaro hataona ugeni. Zinaletwa baridi sana. Kama wewe ni mtu wa bia ya moto, sema "al tiempo".

Upande wa pili ni bia za viwanda vidogo, cerveza artesanal. Baa za Roma huwa na zile za kutoka kaskazini, kama Wendlandt ya Ensenada na Insurgente ya Tijuana, pamoja na za Cervecería de Colima. Hapa utakuta IPA (bia chungu yenye hopsi nyingi, yaani maua yanayoipa bia uchungu), bia nyeusi, na bia chachu zenye chumvi. Kilevi chake hupanda hadi asilimia 6, 7 na zaidi, na glasi ni ile ile, kwa hiyo ongozwa na asilimia iliyoandikwa ubaoni.

Onja kwa mpangilio: nyepesi kwanza, kisha za rangi ya kaharabu, kisha nyeusi au chungu. Ukianza na IPA, laga inayofuata itakuwa kama maji. Kunywa funda moja kabla ya kula, ukiwa na mdomo safi, halafu funda jingine mara baada ya kumeza taco. Ni funda hilo la pili linalokuambia kama bia na nyama zinaelewana. Bia nyeusi ikija na barafu mgongoni, shika glasi kwa viganja dakika mbili. Ubaridi mkali unaficha ladha ya kimea.

Kulinganisha nako kuna mantiki yake. Suadero na longaniza zina mafuta mengi, basi zinataka laga nyepesi yenye gesi ya kutosha kusafisha ulimi. Al pastor ina utamu wa nanasi na pilipili kavu, na Victoria, laga ya kaharabu ya mtindo wa Vienna, ina utamu wa kimea unaoipokea vizuri. Ulimi na nyama ya kichwa huenda na Negra Modelo au bia nyingine nyeusi. Tripa iliyokauka inaweza kubeba IPA, kwa sababu uchungu wa hopsi unakata mafuta. Lakini ukinywa IPA, punguza salsa: kilevi na gesi huzidisha moto wa pilipili, na uchungu wa hopsi huongezea. Mtu aliyeungua akikimbilia IPA anajichoma mara ya pili.

Ndimu kwenye chupa? Onja kwanza bila. Corona iko ndani ya kioo cheupe, na mwanga ukigusa hopsi unatengeneza harufu mbaya kidogo ambayo ndimu huificha. Chupa iliyokaa gizani haihitaji msaada huo. Chelada, bia yenye maji ya ndimu na chumvi ukingoni mwa glasi, ni kinywaji kizuri siku ya jua. Michelada huongezwa sosi na pilipili, na viungo hubadilika baa kwa baa, kwa hiyo uliza "¿qué lleva?". Yote mawili yanafunika ladha ya bia, na michelada mara nyingi huja kwenye kikombe cha lita nzima. Usiku wa kuonja yaache. Kadhalika caguama, chupa kubwa ya mililita 940: ikiagizwa, igawanywe kwa watu wanne.

Baadhi ya ziara za Centro hupitia pulquería. Pulque ni utomvu wa mmea wa maguey uliochacha wenyewe, mweupe na mzito. Aliyekunywa tembo la mnazi ataelewa mara moja: halikai, huharibika upesi. Glasi ndogo inatosha.

Asiyekula nguruwe, asiyekunywa

Hapa inahitajika kauli ya wazi, kwa sababu waongozaji wengi hulichukulia jambo hili kirahisi. Al pastor ni nguruwe. Longaniza ni nguruwe. Suadero ni ng'ombe, lakini mara nyingi imechemshwa ndani ya mafuta ya nguruwe, sinia moja na longaniza, na hukatwa kwa kisu na ubao ule ule. Maharage nayo mara nyingi hukaangwa kwa mafuta hayo. Maneno ni "sin cerdo, sin manteca". Kwa Mwislamu, nyama yoyote ya kibandani hapo haikuchinjwa kwa sharti, na kwa hiyo njia salama ni samaki, kamba, uyoga, nopal (mpungate unaoliwa), maua ya maboga au huitlacoche, ukungu mweusi wa mahindi wenye ladha ya uyoga. Hata hivyo kikaango ni kile kile. Ziara ya kawaida ya usiku haimfai. Bora aombe ziara binafsi yenye vituo vya samaki na mbogamboga, na aandike ombi hilo siku kadhaa kabla.

Asiyekunywa pombe hapotezi kitu upande wa ladha. Agua de jamaica ni rozela yetu, agua de tamarindo ni ukwaju, na horchata ni maji ya mchele na mdalasini. Jamaica, kwa uchachu wake, inakwenda na suadero vizuri kama bia yoyote. Omba bei ipunguzwe, kwa sababu bia ni sehemu kubwa ya gharama, na wapo wanaokubali.

Mambo yakienda kombo

Ulimi ukiungua, maji hayasaidii, bia ndiyo kabisa. Kinachounguza hakiyeyuki kwenye maji. Maziwa, krimu au jibini husaidia. Kama hakuna, tafuna tortilla tupu yenye chumvi kidogo na usubiri dakika tano.

Tumbo kuvurugika usiku huo huo mara nyingi ni mafuta, pilipili na gesi kwa pamoja, wala si uchafu. Dawa ya kiungulia inatosha. Ukipata kuharisha kesho yake, kunywa maji yenye chumvi za ORS na usile mafuta. Ukiona homa au damu, nenda kwa daktari. Ili kupunguza hatari, kula kilichotoka motoni sasa hivi, na uwe mwangalifu na salsa iliyokaa wazi bila barafu na mboga mbichi zilizonyauka. Barafu yenye umbo la bomba na tundu katikati ni ya kiwandani, haina shida.

Ukihisi pombe imekupita, mwambie mwongozaji mapema, kunywa maji glasi kwa glasi, ruka kituo cha bia kinachofuata. Kwa vyovyote, weka utaratibu wa glasi moja ya maji baada ya kila bia tangu mwanzo. Watu wanaoumwa kichwa asubuhi ni wale walioukumbuka utaratibu huo wakiwa wameshafika kituo cha tano. Na ukisikia king'ora cha tetemeko la ardhi mitaani, fuata mwongozaji mahali pa wazi, mbali na nyaya na vioo, bila kumalizia taco.

Malipo na kurudi

Kibandani hulipa baada ya kula, na muuzaji atakuuliza umekula ngapi. Sema kweli, biashara yote inasimama juu ya hapo. Kwenye ziara mwongozaji ndiye anayelipa, lakini ukiongeza ya kwako, taco huwa kati ya peso 20 na 40 na sarafu chache huachwa kwenye kikombe cha wahudumu. Baani acha asilimia 10 hadi 15, na mwongozaji aliyefanya kazi yake mpe kiasi hicho hicho cha bei ya ziara, kwa pesa taslimu.

Ziara huisha kati ya saa 4 na saa 5 usiku. Metro hufungwa saa 6 usiku, lakini kwa aliyekunywa, gari la kuita kwa programu ya simu ni bora. Liite ukiwa bado ndani ya baa, linganisha namba ya gari kabla ya kufungua mlango, na usitembeze simu mkononi barabarani. Kabla ya kuagana mwombe mwongozaji akuandikie majina ya vibanda na siku vinavyofungwa. Mwombe pia akutajie duka la carnitas analokula yeye, na uende kesho yake kabla ya saa 6 mchana.